Kanda ya Dakika Mia na Themanini

Ijumaa, Mawaleh, baada ya wali na papa mkavu,
joto la Julai limekaa mlangoni kama mdai.
Mapazia tumeyafunga, kiyoyozi kinanguruma,
nami nimepiga magoti mbele ya deki
iliyofufuliwa na Kurian, fundi wa Ruwi,
kwa mkanda wa mpira na riali nne.

"Yote hayo yamo simuni," anasema Shemsa.
Najua, mke wangu, najua.
Lakini simu haina harufu hii:
plastiki iliyopata moto, vumbi, udi wa mwaka themanini na tano,
na ubavuni mwandiko wa kaka Muhenna:
KATUNI. USIFUTE.
Chini yake, kwa kalamu nyingine: na wale ndege wa barafu.
Chini kabisa: USIFUTE WALLAHI.

Basi tunaanza na barafu.
Ndege wasioruka, weusi kwa weupe,
kama mabwana harusi waliokosa gari,
wamejibanza, upepo unawachapa,
kila mmoja na yai lake juu ya miguu.
Enzi zile Mama alijifunika shali akiwatazama,
na nje nyuzi joto arubaini na saba.
"Maskini, nani atawapa chai hawa?"
Leo kajifunika tena. Shali ni ile ile.
Jina langu ndilo lililompotea.

Muhenna kaja kutoka Barka na santuri zake kwapani.
Alizinunua Mina al-Fahal, kwa Mwingereza wa mafuta
aliyekuwa akifungasha kurudi kwao:
kumi na moja kwa bei ya mbuzi mdogo.
Moja tu ndiyo tuliyoipiga hadi ikachakaa.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, gitaa linapanda,
linapanda, linakataa kushuka,
na sindano inaruka pale pale,
hata siku nikiusikia mzima mahali pengine
naona wameukosea.
Baba alikuwa akiuliza:
"Huyu mtu kabanwa kidole mlangoni?"
Ila usiku mmoja nilimkuta peke yake sebuleni,
sauti kaipunguza, unyayo wake ukigonga sakafu, taratibu.
Nikarudi kulala. Sikumwambia.

Na katuni! Ndizo zilizonisomesha Kiarabu.
Tulikuja na Kiswahili na masanduku mawili,
lugha nikaiokota kwa mashujaa wa chuma
na farasi mwenye mbawa,
wote wakisema sarufi kamili, hata wakichomwa mkuki.
Siku ya kwanza darasani nikamwambia mwenzangu:
"Ewe rafiki mwema! Je, waniruhusu niketi kando yako?"
Darasa zima likaanguka. Mwalimu akajifuta machozi.
Mpaka leo, soko la samaki Seeb, bei ikinikera,
nanena kama roboti anayelinda sayari,
na wavuvi hunipunguzia, sijui kwa hofu au kwa huruma.

Sasa farasi yuko hewani, bonde liko chini yake,
adui nyuma kanyanyua upanga,
mara skrini inakatika:
picha ya mnara, maji yanatiririka, adhana.
Magharibi ya siku iliyokwisha kuzama
miaka arubaini, imo humu kandani, haijapoa.

Mama anainuka.
Saa ya ukutani: nane na nusu mchana.
"Bibi, hiyo ni ya kwenye..." anaanza Ilham,
Shemsa kamfinya goti.
Bomba linafunguliwa. Mswala unatandikwa.

Nabonyeza kitufe.
Farasi anabaki pale pale, mguu mmoja mbele,
anatetemeka kidogo, mistari myeupe inampita tumboni.
Adui naye hana haraka.
Muhenna kashika santuri kwa ncha za vidole,
hathubutu kuiweka chini.
Rakaa tatu, na dua ndefu,
ndefu kuliko nilivyokuwa nikikumbuka.

Anarudi, anakaa, anavuta shali mabegani.
"Haya," anasema,
"mfungulieni huyo mnyama."